Desmodiumu chini ya migomba: jembe lipumzike, udongo ubaki



Kila mwaka mvua zinaporudi mwezi wa tisa, maji yanayoshuka kwenye miteremko ya Kadutu, Bagira na Panzi yanakuwa mekundu. Rangi hiyo ni udongo wa juu wa parseli zetu, ule wenye rutuba. Unapita kwenye mifereji, mwingine unaishia ziwani, mwingine Ruzizi, na hakuna anayeurudisha.

Katika mkutano mmoja, mama mwenye migomba nyuma ya nyumba alituuliza hivi: "Nikilima chini ya migomba, mvua inabeba udongo. Nisipolima, majani inanishinda. Sasa nifanye namna gani?" Siku ile hatukuwa na jibu fupi. Makala hii ndiyo jibu letu: apande mmea mmoja unaovumilia kivuli, unaotandaa chini na kuishi miaka mingi, kisha jembe alitoe pale kabisa. Mmea huo ni desmodiumu.

Tuseme mapema kwamba jambo hili lina bei yake. Linataka uvumilivu wa miezi mitatu ao minne ya kwanza, na linachukua nafasi ya mimea mingine. Soma mpaka mwisho kabla ya kuamua.

Jembe linafanya nini chini ya mgomba?

Tumezoea kusema kwamba shamba safi ni shamba la mtu mwenye bidii. Lakini chini ya mgomba, kwenye mteremko, jembe linaleta hasara tatu.

Ya kwanza ni udongo. Udongo uliolimwa na kuachwa wazi unapigwa na tone la mvua, unavunjika, kisha maji yanaubeba. Hata matone yanayodondoka kutoka kwenye majani ya mgomba yana nguvu, juu yanajikusanya na kuanguka yakiwa makubwa.

Ya pili ni mizizi. Mizizi mingi ya mgomba inakaa juu juu, katika sentimita 30 ao 40 za kwanza za udongo. Kila unapolima kwa nguvu karibu na shina, unakata midomo ambayo mgomba unakulia.

Ya tatu ni ugonjwa. Mnyauko wa migomba, ule unaoletwa na bakteria, ulionekana Uganda mwaka 2001, na karibu wakati huohuo ukaonekana Masisi, Kivu ya Kaskazini. Baadaye ukafika kwetu Kivu ya Kusini, na familia nyingi zimepoteza migomba yao. Tunaujua: majani yanageuka manjano na kunyauka, ua la dume linasinyaa, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina linatoa maji mazito ya rangi ya manjano. Bakteria hao wanaingia kwa kidonda. Panga ao jembe lililogusa mgomba mgonjwa, likienda kukata mzizi ao jani la mgomba mzima, linapeleka ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Kadiri unavyopunguza kukata na kulima katikati ya migomba, ndivyo unavyopunguza milango ya ugonjwa.

Desmodiumu ni mmea gani?

Asili yake ni Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini. Ni wa ukoo mmoja na maharagi na karanga. Aina mbili ndizo zinazojulikana sana katika Afrika ya Mashariki. Aina ya kwanza ina majani ya kijani kibichi, na shina lake linaelekea wekundu. Aina ya pili ina alama nyeupe kama fedha katikati ya jani. Zote zina majani matatu matatu, na zote zina vinywele vinavyonata.

Wakulima wa magharibi ya Kenya wanaijua tangu miaka ya 1990. Huko, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kiliwafundisha kuipanda katikati ya mistari ya mahindi ili kufukuza mdudu anayetoboa shina na kuua gugu chawi. Sisi hapa tunaitaka kwa kazi nyingine.

Inatufaa kwa sababu nne. Inavumilia kivuli cha wastani, kama kile cha migomba iliyopandwa kwa nafasi. Inapenda nchi ya juu yenye mvua, na Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Shina lake likilala kwenye udongo wenye maji, kila kifundo kinatoa mizizi na kushika ardhi. Na kama maharagi, inachukua naitrojeni ya hewani na kuiingiza udongoni.

Hilo la mwisho unaweza kulihakikisha mwenyewe. Chimba mche mmoja taratibu, osha mizizi, tafuta vinundu vidogo. Kata kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ao cha rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe ao cha kijani, bado hakijaanza ao kimechoka.

Namna ya kupanda

Wakati mzuri ni mvua zikishashika, mwisho wa mwezi wa tisa na mwezi wa kumi. Ukipanda mwezi wa nne, mmea utakutwa na kiangazi cha mwezi wa sita ukiwa bado mtoto.

Mbegu zake ni ndogo sana. Ukizifukia zaidi ya sentimita moja, hazitoki. Kwa parseli ya nyumbani tunashauri kutumia vipande vya shina, ni rahisi zaidi na havilipishwi kama jirani anao.

1. Chagua shina lililokomaa, siyo ncha laini na siyo mti mkavu. Kata vipande vya sentimita 30 hivi, vyenye vifundo vitatu ao vinne.

2. Vifunge kwenye mfuko uliolowa na uvipande siku ileile. Kipande kilicholala juani nusu siku kimekwisha kufa, hata kama bado ni kijani.

3. Ng'oa magugu yote, hasa yale yenye mizizi ya kutambaa. Usilime parseli yote. Fungua mashimo madogo tu, katika mistari inayokata mteremko. Mstari unaoshuka na mteremko unakuwa njia ya maji.

4. Acha nusu mita kati ya shimo na shimo, na nusu mita kati ya mstari na mstari. Weka vipande viwili kila shimo, vifundo viwili viingie udongoni, kisha kandamiza kwa mkono.

5. Acha duara la nusu mita bila desmodiumu kuzunguka kila shina la mgomba. Hapo weka majani makavu ya mgomba na mbolea.

Hesabu ni hii: eneo la mita 5 kwa mita 5 linataka mashimo kama 100, yaani vipande kama 200. Anza na hapo. Msimu unaofuata utakuwa na vipande vyako mwenyewe vya kuendelea.

Angalia pia kivuli. Migomba ikisongamana mpaka mchana kunaonekana kama jioni, desmodiumu itadhoofika. Toa majani yaliyokauka na punguza machipukizi, lakini kila mgomba ubaki na majani mazima yasiyopungua manane. Panga lako lipitishe kwenye moto mpaka lipate joto kali kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Na ua la dume litolewe kwa kijiti chenye panda, siyo kwa kisu. Chini ya mti mkubwa wa avoka wenye kivuli kizito, usijisumbue: weka majani makavu tu.

Miezi ya kwanza ndiyo mtihani

Hapa ndipo wengi wanaacha, na sisi wenyewe tumeshuhudia. Desmodiumu ina uvivu mwanzoni. Mwezi wa kwanza na wa pili unaona vijiti vyenye majani machache, na magugu yanakimbia kuipita. Jirani anapita na kuuliza kama umeacha parseli yako. Mtu anakata tamaa, anarudisha jembe, na kazi yote inapotea.

Katika miezi hiyo ng'oa magugu kwa mkono, mara mbili ao tatu, mvua ikishalainisha ardhi. Yalaze palepale kwenye udongo ulio wazi, yakiwa hayana mbegu. Kipande kilichokufa, weka kingine. Kati ya mwezi wa tatu na wa nne mashina yanaanza kugusana, na baada ya hapo magugu yanakosa mwanga. Kazi ya kupalilia inabaki ya dakika chache.

Kukata na kulisha mifugo

Desmodiumu ni chakula kizuri cha kobayi, sungura, mbuzi na ng'ombe. Katika miji na vijiji vyetu, familia nyingi zisizo na nafasi ya mbuzi zinafuga kobayi, wale ambao wengine tunawaita dende. Wengi huwa ni wa mama na watoto, na ndio wanaouzwa haraka wakati karo ya shule inadaiwa.

Kobayi ana tabia moja ya kukumbuka: mwili wake hautengenezi vitamini C. Lazima aipate kwenye majani mabichi. Ndiyo maana kiangazi, majani ya kandokando ya barabara yakikauka, kobayi wanadhoofika. Mizizi ya desmodiumu inaenda chini, na mmea unabaki kijani muda mrefu kuliko nyasi nyingi.

Kanuni za kukata ni hizi:

- Kata mara ya kwanza udongo ukishafunikwa wote, siyo kabla.

- Acha kimo cha kiganja kimoja, sentimita 10 ao 15. Ukikata mpaka chini kabisa, unaondoa macho ya kuchipukia.

- Katika mvua, rudia baada ya wiki sita mpaka nane.

- Usikate eneo lote siku moja. Gawa sehemu nne, kata moja moja, ili udongo usibaki wazi.

- Mkato mkubwa wa mwisho uwe kabla ya katikati ya mwezi wa tano, ili mmea uingie kiangazi na nguvu.

Usiwape mifugo desmodiumu peke yake. Changanya fungu moja la desmodiumu na mafungu mawili ya nyasi, kama tripsakamu ao matete. Majani yaliyolowa mvua yaanike kidogo kivulini yanyauke kwanza, juu majani yenye maji mengi yanasumbua tumbo la mnyama.

Sasa jambo ambalo linasahauliwa. Naitrojeni inatoka hewani, lakini potasiamu na fosforasi zinatoka kwenye udongo wako, na mgomba unazihitaji, hasa potasiamu. Ukikata majani kila mwezi na kuyapeleka sokoni, baada ya miaka michache utashangaa mikungu ya ndizi imekuwa midogo. Kuuza majani bila kurudisha kitu ni kuuza udongo kidogo kidogo. Mavi ya kobayi, mabaki ya majani waliyokanyaga, maganda ya ndizi, na majivu kidogo ya jikoni, vyote vipelekwe kwenye duara la mgomba. Majani yanaenda kwa mnyama, mbolea inarudi kwa mgomba.

Mambo ambayo desmodiumu haiwezi

Tusidanganyane. Inashika udongo wa juu. Inapunguza nguvu ya tone na mwendo wa maji. Lakini kilima kikianza kupasuka na kuteremka kizima, hakuna mmea wa kutandaa utakaokizuia. Tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 2023, mvua kubwa zilileta mafuriko na maporomoko huko Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mahali penye ufa unaopanuka, ukuta unaoinama, ao maji yanayotoka ghafla chini ya nyumba, kazi ya kwanza ni kuhamisha watu na kuita viongozi wa mtaa. Kupanda kutafuata.

Pia haitoi chakula cha mezani. Mahali penye jua la kutosha, endelea na maharagi, lenga-lenga na matembele. Desmodiumu ni ya pale ambapo maharagi yanarefuka bila kuzaa kwa sababu ya kivuli.

Tena inapenda kupanda juu. Ukiiacha bila kuikata, itazunguka mashina machanga ya mgomba na mateke. Pita kila wiki mbili uirudishe chini. Karibu na mlango na njia acha mita moja safi, ili uone nyoka ao panya akipita na watoto wasikanyage wasipopaona. Na maganda yake ya mbegu yananata kwenye nguo: mama wenye kufua uniforme za shule watatuelewa. Ukikata kabla haijazaa mbegu, shida hiyo inapungua.

Ardhi ni ya nani?

Swali hili linaulizwa mara chache kwenye mafunzo, lakini linaweza kuvunja kazi yote. Desmodiumu inaishi miaka mingi. Ni mmea wa kudumu.

Wanachama wetu wa Kabare na Walungu wanajua tofauti kati ya kalinzi na bwasa. Mwenye kalinzi ana haki ya kudumu juu ya ardhi na anaweza kuirithisha. Mwenye bwasa anaazimwa shamba kwa muda, na kwa desturi hapandi vitu vya kudumu kama migomba ao miti, juu vitu hivyo vinaonekana kama dai la kubaki. Hata mjini, mpangaji wa parseli yuko katika hali inayofanana.

Mwenye ardhi akikuta mmea asioujua, unaoshika ardhi yote na haung'olewi msimu ukiisha, anaweza kufikiri unataka kumnyang'anya. Wanaoumia zaidi ni mama, kwa sababu wengi wao wanalima ardhi ambayo haiko kwa jina lao. Kwa hiyo, kabla ya kipande cha kwanza kuingia udongoni, nenda umwone mwenye ardhi ukiwa na shahidi wa koperative. Mweleze kwamba ni majani ya mifugo na ya kulinda udongo, kwamba yanaweza kung'olewa kwa jembe akitaka, na kwamba migomba yake ndiyo itakayofaidika kwanza. Mkubaliane nani anakata na nani anapata majani. Mkiweza, andikeni hata kwenye karatasi ya daftari, kila mmoja aweke sahihi ao kidole. Akikataa, usipande. Tumia majani makavu ya mgomba kufunika, hayo hayaleti kesi.

Jaribu kwanza, uone kwa macho yako

Hatutaki mtu yeyote ageuze parseli yote kwa sababu ya makala moja. Fanya jaribio la msimu mmoja. Gawa sehemu ya migomba yako katika vipande viwili vilivyo sawa, kimoja kando ya kingine kwenye mteremko uleule. Kimoja weka desmodiumu, kingine endelea kulima kama kawaida. Chini ya kila kipande chimba shimo dogo la ukubwa wa beseni.

Kila baada ya mvua kubwa, angalia udongo uliokusanyika katika mashimo hayo mawili. Uchote, upime kwa ndoo, andika kwenye daftari. Katika miezi miwili ya kwanza usitegemee tofauti kubwa. Kuanzia mwezi wa nne, linganisha tena. Huo udongo wa kwenye ndoo ni wako, uliokuwa njiani kwenda ziwani. Urudishe juu kwenye migomba.

Andika pia siku ulizopalilia kila upande, na mafungu ya majani uliyokata. Leteni madaftari hayo kwenye mkutano wa koperative mwisho wa mvua, mwezi wa tano. Tutayasoma pamoja: waliofaulu, na hasa ambao haikufaulu, juu sababu zao zitatufundisha sote. Wenye vipande vya kugawia wengine, tafadhali waandikishe majina kwa katibu wa koperative kabla ya mwezi wa tisa, ili mvua za kwanza zisitukute bado tunatafuta mbegu.